Kabla Mama Mugo Hajakushika Mikono

Ciru wangu,

Saa hii mko Thika, wewe na baba yako, na najua cucu, nyanya yako, hatawaachilia kabla hajakulisha mara mbili na kukulilia mara tatu. Hiyo inanipa muda wa kama saa nne hivi. Nimefunga mlango, nimezima redio, nimeketi kwenye meza yako, ile ya Mwalimu. Usicheke. Mimi niliyeshika vyombo vya upasuaji miaka ishirini na saba bila kuangusha hata kimoja, leo nimeangusha kalamu mara mbili kabla ya kuandika jina lako.

Sitakuambia habari ya sweta, wala pasipoti, wala pilipili ya Wahindi. Hayo tumeyaongea hadi ukaniambia, "Mathe, bana, mimi ni mtu mzima." Ni kweli. Una miaka thelathini na moja, ni daktari wa upasuaji, na kesho jioni unapanda ndege kwenda India kujifunza kupasua moyo. Tena si moyo wowote tu. Umechagua ile kazi ngumu, mioyo ambayo mishipa yake imeziba kutoka juu mpaka chini, ile ambayo madaktari wengi wakiona picha wanatikisa kichwa na kumrudisha mgonjwa nyumbani na vidonge. Kanisani kila mtu anajua kwa nini ulichagua hiyo, kwa sababu umewasimulia mwenyewe. Ni kwa ajili ya Mwalimu Ndirangu.

Basi barua hii ni ya Mwalimu Ndirangu. Kuna jambo kuhusu kifo chake ambalo hulijui. Mimi nalijua, na ni mimi niliyelifanya.

Haya, nimeandika. Nimeenda jikoni nikanywa maji, nimerudi, na bado liko hapo kwenye karatasi.

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na minane, nimezoea. Lakini Jumapili iliyopita baada ya ibada Mama Mugo alikushika mikono mbele ya akina mama wote, unakumbuka, akasema, "Siku ya kukuaga ni mimi nitaomba. Nitamwambia Mungu akupe mikono kama ya mama yako, ile ilimhudumia mzee wangu mpaka mwisho." Wote wakasema amina. Wewe ukanitazama ukatabasamu, na mimi nikatazama viatu vyangu. Tangu hapo chakula hakipiti. Baba yako anadhani ni kwa sababu unaenda mbali, na nimemwacha adhani hivyo.

Sasa hiyo siku ni kesho, saa nne asubuhi, hapa hapa sebuleni. Mama Mugo, mjane wa Mwalimu, atakuwekea mikono na kuomba uwe kama mimi. Haki ya Mungu, Ciru, siwezi kukaa kwenye kiti changu na maneno hayo yapite juu ya kichwa chako.

Wacha nianze mahali panapoanzia. Ulikuwa darasa la saba na Mwalimu ndiye aliyekuwa akikufundisha hesabu. Nyumba yake ni ile ile, geti la tatu kutoka letu, na watu wa Gitothua walikuwa wanajua saa kwa kumwona akipita na chaki kwenye mfuko wa shati. Kisha akaanza kusimama njiani. Anafika pale kwa duka la maziwa, anasimama, anajifanya anasalimia watu, mkono kifuani. Ukimuuliza anasema ni gesi. Mimi nilimwona siku tatu mfululizo akisalimia watu ambao hawakuwepo, nikamwambia mkewe, na tukampeleka hospitalini, pale nilipokuwa nikifanya kazi.

Picha za moyo wake nilizishika mimi mwenyewe. Wagonjwa wengi wana mahali pamoja palipoziba, au pawili, na ukiangalia unasema hapa ndipo shida ilipo. Wa Mwalimu haukuwa na mahali pa kunyooshea kidole. Ule mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umekonda wote, mwanzo hadi mwisho. Daktari wetu mkuu, tuliyemwita Prof, alimweka chini akamweleza kwa subira. Mwalimu akasikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaniambia mimi badala ya Prof, "Nesi, mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Wacha niende na vidonge."

Hakutaka, Ciru. Hilo ulishike. Mama Mugo alilia. Alimwomba wiki nzima. Mimi ndiye niliyekuja jioni nikakaa kwenye kochi lao nikasema, "Mwalimu, nitakuwa ndani. Mimi mwenyewe nitakuwa nimesimama hapo." Akakubali.

Haya yanayofuata unayajua kuliko mimi, lakini nitayasema kwa maneno yangu ujue nilikuwa naona nini. Mgonjwa wa kawaida, mnachukua mshipa mguuni au ule wa ndani ya kifua, mnaushona mbele ya palipoziba, damu inapita kando. Lakini mshipa wote ukiwa mgonjwa, utashona wapi? Ulinionyesha kwenye laptop juzi namna watu wanavyohangaika. Kuna wanaoupasua kwa urefu na kuushonea kiraka kirefu juu, na kiraka chenyewe ni ule mshipa wa kifuani. Kuna wanaotumia mshipa mmoja kuruka kutoka tawi hadi tawi, mshono baada ya mshono. Kuna hata wanaotoboa nyama ya moyo kwa leza, hiyo sikuielewa vizuri na nadhani hata wewe huiamini sana. Na kuna ile ya kuusafisha mshipa wenyewe, kuubandua ule utando wa mafuta na chokaa uliogandamana ndani na kuutoa mzima. Hiyo ndiyo Prof aliyomfanyia Mwalimu. Hiyo ndiyo unayoenda kujifunza.

Unajua unavyotoa mpira uliochoka kwenye kiuno cha sketi? Unafungua upindo kidogo, unashika ncha, unavuta polepole, na roho iko mkononi, kwa sababu ukikatika kipande kitabaki ndani usipokiona. Mimi niliiona ikifanywa mara chache, na kila mara nilisahau kupumua. Moyo umesimamishwa, umepoa, mashine ndiyo inayosukuma damu, na jamaa wa mashine anataja dakika kwa sauti. Daktari anavuta. Kile kitu kikitoka anakiweka mkononi mwa nesi, na hapo ndipo kazi yetu ilipo, kazi ndogo ambayo haimo kwenye picha zako za laptop. Nesi anakilaza juu ya kitambaa kilicholowa, anakinyosha kwa koleo mbili ndogo, na anaangalia mwisho wake. Mwisho ukiwa umechongoka, mwembamba kama mkia wa panya, basi kimetoka chote. Ukiwa butu, kimekatika, na kilichobaki kule chini kitaziba njia. Hapo daktari lazima afungue tena mbele zaidi akatafute kilichobaki, hata kama dakika zinaenda.

Cha Mwalimu kilikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada, na vijitawi pembeni. Nikakilaza. Nikakinyosha. Mwisho ulikuwa butu.

Niliuona, Ciru. Niliuona kama ninavyoiona kalamu hii. Ulikuwa bado laini pale mwisho, mafuta zaidi kuliko chokaa, na mimi nikaushika kwa koleo nikavuta. Kidogo tu, kama unavyonyosha uzi kabla ya kuutia kwenye sindano. Ukarefuka. Ukawa mwembamba. Ukachongoka.

Prof akauliza, "Nesi, kimetoka chote?" Akageuza macho mara moja, akaona ncha. Nikasema, "Kimetoka, Daktari." Akaanza kushona.

Nimejiuliza miaka yote hii kama mkono ulivuta kabla ya akili, au akili ndiyo iliyoutuma. Siku nyingine najiambia nilikuwa nanyosha tu, si ndiyo kazi yangu? Leo sitaki kukudanganya. Nilijua.

Moyo wake ulianza kupiga tena kwa shida. Tulikaa naye ICU siku tatu. Ile sehemu ya mbele ya moyo haikupata damu, na kila aliyekuwa pale alisema mishipa yake ilikuwa mibovu mno, hata kujaribu kwenyewe kulikuwa ujasiri. Hakuna aliyeuliza swali. Siku ya tatu asubuhi ni mimi niliyetumwa nje kumwambia Mama Mugo, kwa sababu tulikuwa majirani. Nikamwambia, "Tulifanya kila kitu." Akanikumbatia na kuniambia asante. Aliniambia asante mara nyingi sana asubuhi hiyo.

Utataka kujua kwa nini. Mimi pia nimetaka kujua. Kama wiki mbili kabla ya hapo, nilimsimamisha Prof akifunga kifua cha mgonjwa kwa sababu hesabu yangu ya vitambaa vya kufyonza damu ilipungua kimoja, nikahofia kimebaki ndani. Tulikitafuta muda mrefu, kila mtu amesimama, mgonjwa yuko wazi. Kikapatikana chini ya kiatu cha mwanafunzi. Prof hakunipigia kelele. Alisema tu, polepole, mbele ya wote, "Huyu nesi akiona kivuli anaita ni kitambaa." Wakacheka. Tangu siku hiyo nikawa Nesi Kivuli. Hata wafagiaji waliniita hivyo. Nikaapa sitamsimamisha yule mtu tena kwa kitu nisichokuwa na hakika nacho, na nilipouona ule mwisho butu, hilo ndilo lililonijia kwanza. Sikumfikiria Mwalimu. Nilifikiria kicheko.

Unaona ilivyo ndogo? Ningekuwa na sababu kubwa labda ningeisema mapema. Mwanaume wa watu alikufa kwa sababu mama yako hakutaka kuchekwa, au labda angekufa hata hivyo, na hilo nalo halijawahi kuniacha nipumzike.

Na Prof hakuwa mtu mbaya, usije ukamchukia. Alikuwa na mikono ya ajabu na aliokoa watu ambao leo wanalea wajukuu. Alishafariki, Mungu amrehemu, na alikwenda akiamini kwamba kile kitu kilitoka chote. Hata yeye nilimwibia. Angejua, angefungua tena, nina hakika. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mvivu.

Kisha wewe ukaanza. Baada ya mazishi ulikuja ukasimama mlangoni pa jikoni ukasema, "Mami, mimi nitakuwa daktari wa moyo, watu kama Mwalimu wasikufe." Nilikuwa nachambua sukuma wiki. Sikugeuka. Ulipofaulu kuingia chuo cha udaktari, Mama Mugo akaleta hii meza, ilibebwa na Mugo na baba yako hadi hapa, akasema Mwalimu angependa uisomee. Bado ina mistari ya rula yake pembeni. Umesoma juu yake miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nikileta chai naiweka mbali na ile mistari. Na kila Desemba namsindikiza Mama Mugo hadi shambani kwao, kule mbele ya Thika, kusafisha kaburi. Watu husema ona urafiki wa hao wawili. Eeh, urafiki.

Sasa nikuambie kilichonitia hofu zaidi kuliko hata maombi ya kesho. Ni ile Jumamosi ya mioyo ya nguruwe.

Ulitoka Ruiru mjini na mioyo minne kwenye karatasi ya nailoni, yule jamaa wa bucha amekuuliza kama unaichoma au unaichemsha, na wewe ukamwambia unaishona. Tulicheka hapa hadi baba yako akatoka nje. Ukavaa ile miwani yako ya kukuza, ukatandaza ubao wa kukatia mboga, ukaniambia, "Mathe, leo wewe ndiye nesi wangu." Nikafurahi, sitakuficha. Ulipasua ule mshipa mdogo kwa urefu, ukaanza kuushonea kiraka kwa uzi ambao mimi na macho yangu haya niliuona kwa kubahatisha tu. Mikono yako ni mizuri, Ciru. Ni mizuri kuliko ya Prof alipokuwa na umri wako. Nikaona pengo pembeni, nikasema, "Ciru, hapo umeacha nafasi."

Ukasema, "Mathe, wacha. Naona."

Hukuinua kichwa. Hukunikosea adabu, watu wakishona husema hivyo. Lakini ile sauti naijua. Nikafunga mdomo. Kisha ukajaza maji kwenye bomba la sindano, ukasukuma, maji yakatoka pale pale niliposema. Ukacheka, ukasema "Aki mathe ulikuwa right," ukafumua ukarudia. Kisha ukasukuma tena, yakatoka mahali pengine, ukashangaa.

Mimi sikushangaa. Lile pengo la pili nililiona mapema nikanyamaza. Mimi mama yako mzazi, nikiwa jikoni kwangu, kwa moyo wa nguruwe wa kununua bucha. Ulinikatiza mara moja tu na nikakuficha. Sasa fikiria yule nesi atakayesimama kando yako huko, ambaye hakukuzaa, ambaye kazi yake iko kwenye kalamu yako.

Nina hofu na wewe, mwanangu. Sina hofu na mikono yako. Nina hofu kwamba utakuwa hodari sana, na watu watakuogopa kwa upole, kwa heshima, na utadhani kimya chao ni kwamba kila kitu kiko sawa. Sijui nikuambie ufanye nini. Sijawahi kuwa daktari. Ninachojua ni upande wangu wa meza. Kama Prof asingeniuliza "kimetoka chote?", swali ambalo lina jibu lake ndani, akaniuliza "mwisho uko aje?", nadhani ningeshindwa kudanganya. Ningelazimika kutafuta neno, na neno lilikuwa moja tu. Na kama angeinua kichwa akaniangalia mimi kabla ya kuangalia kitambaa, angeona uso wangu. Uso wangu haujui kuficha, wewe mwenyewe husema hivyo.

Basi uulize hivyo. Kisha inua kichwa, usubiri, hata kama jamaa wa mashine anataja dakika.

Ni saa kumi na nusu. Nimesoma nilichoandika na nimeona ujanja wangu. Nimekuambia wewe, ambaye utanisamehe kwa sababu unaenda na kwa sababu ni mimi. Nilikuwa nimepanga uisome ukiwa ndani ya ndege, na kesho nikae nisikilize maombi huku nimeinamisha kichwa. Hata sasa bado navuta ncha ionekane nzuri. Wacha nivae viatu niende geti la tatu. Nisiporudi kuimalizia barua hii utajua miguu ilikataa njiani.

*

Nimerudi. Saa kumi na mbili na robo. Mmepiga simu kwamba cucu amechinja kuku, kwa hivyo bado nina muda.

Nilimkuta Mama Mugo kwenye baraza akimenya minji, zile njegere mbichi, sufuria magotini. Akafurahi. "Haiya, Mama Ciru! Karibu, karibu. Msafiri wetu ako wapi?"

"Ako Thika kwa cucu."

"Keti basi, unisaidie na hizi minji. Za kesho, si lazima watu wakule."

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitamenya minji. Nikamwambia nikiwa nimesimama, bila maneno ya hospitali, vile nilivyokuandikia. Mwanzoni aliendelea kumenya, ananiangalia kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine. Nilipofika pale pa kuvuta, mikono yake ikasimama.

"Hiyo kitu ilikuwa refu aje?"

Nikamwonyesha kidole changu.

"Na yenye ilibaki ndani?"

"Sijui, Mama Mugo. Labda nusu ya hii."

Akakitazama kidole changu hadi nikakishusha. Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu asubuhi ile nje ya ICU. "Ungesema, Ndirangu angepona?"

"Sijui. Pengine Prof angefungua tena na kukitoa. Pengine moyo ungechoka kwa kusimama sana, akafa hapo hapo mezani. Sijui, na sitajua."

Nilidhani atapiga nduru. Nilidhani atanirushia ile sufuria, na Mungu anajua nilitamani anirushie. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Unajua kwa nini alikubali kufanyiwa? Si wewe. Wewe ulikuja jioni, yeye alikuwa ameshakubali. Nilimwambia asipofanya ni kwa sababu yeye hatupendi sisi, mimi na watoto. Nilimwambia hivyo, Mama Ciru. Ndiyo akaenda."

Nikasema pole. Neno gani hilo, pole.

"Kila Desemba namwomba msamaha pale kwa kaburi. Namwambia, mzee, ni mimi nilikusukuma, ningekuacha na vidonge zako. Miaka yote hii. Na wewe unakuwa hapo nyuma yangu, umenishikia mwavuli." Akainua macho. "Ngai, Mungu wangu. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Unanisikia nikimwomba msamaha, na unajua?"

"Nilikuwa najua."

Ciru, nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nabeba kosa moja, lile la thieta, mezani pa upasuaji, dakika moja ya kuvuta na koleo. Kumbe lile la thieta ndilo dogo. Mwanamke yule amejilaumu Desemba kumi na nane nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na neno moja tu kutoka kwangu lingemtua mzigo. Nilikuwa nikimwona akilia na kumpa leso. Hilo sikuwa nimeliona mpaka leo, naapa, nilikuwa nikijiangalia mwenyewe tu.

Alilia kidogo, bila sauti. Nikanyosha mkono nimshike bega, akausogeza kando, si kwa hasira, kama unavyosogeza tawi lililokuzibia njia.

"Enda nyumbani, Mama Ciru," akasema. "Enda tu."

Nikaenda. Nilikuwa nimefika getini aliponiita.

"Kesho ni saa ngapi?"

"Saa nne."

Alirudi kwenye minji yake, na nikasikia zikianguka kwenye sufuria moja moja hadi nilipofika barabarani.

Kwa hivyo hii barua haitapanda ndege. Nitaiacha hapa juu ya meza ya Mwalimu, na nitamwambia baba yako kwamba ni lazima uisome kabla ya saa nne. Naye nitamweleza leo, kwa mdomo wangu. Baada ya hapo ukiwa na hasira, njoo nayo, usiende nayo India. Kama huna la kuniambia, pia nitaelewa, nitakufungia tu begi.

Sijui kama atakuja. Akija, sijui ataomba nini, na si haki yangu kujua. Anaweza kumwambia Mungu usiwe kama mimi. Anaweza kutaja kila kitu mbele ya akina mama wote. Vyovyote vile, usinitafute kwa macho, usimkatize, usinitetee. Mpe mikono yako yote miwili, inua kichwa, umwangalie usoni hadi amalize kusema alichokuja kusema. Kisha itikia amina kwa sauti. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni pa jikoni, na nitaitikia pamoja nawe.

Mama yako,
Nyambura